Kulala hotelini bila kulipa: jibu kwa mwalimu wa Mpwapwa

Swali limetoka kwa mwalimu wa shule ya msingi wilayani Mpwapwa. Likizo ya Juni anataka kuzunguka na mdogo wake wa kike: walale Dodoma, waende Kondoa kuona michoro ya miambani, wapite Babati, wafike Arusha, kisha warudi kwa njia ya Singida. Usiku tisa kwa jumla. Ametenga 450,000 kwa wote wawili. Kwa gesti ya 25,000 kwa usiku, 225,000 inaishia kitandani, yaani nusu ya fedha yote. Ameona video za watu wanaolala hoteli za nyota tano bure "kwa pointi", na anauliza kama mtu wa mshahara wa mwalimu anaweza kufanya hivyo, au ni hadithi tu.

Mwalimu, si hadithi. Wanalala kweli. Ila kitanda kisicholipiwa hakuna. Kuna kitanda kilicholipiwa na mtu mwingine. Kabla hujaifuata mbinu yoyote, uliza nani analipa na anapata nini. Nilikaa mapokezi ya hoteli hapa Dodoma muda mrefu kabla sijaanza kuwapangia watu safari, na kila mgeni niliyemwona akiondoka bila kutoa shilingi alikuwa na mlipaji wake mahali: serikali, shirika, kikundi chake, au mwenye hoteli mwenyewe aliyeona kuna faida.

Hizo pointi tuzimalize kwanza. Kampuni kubwa za hoteli kama Marriott, Hilton, Hyatt na IHG zina uanachama wa wageni, na kujiunga ni bure; hata leo ukiwa Mpwapwa unaweza kwa simu yako. Shida ni kuzichuma. Mwanachama wa kawaida wa Marriott hupata pointi 10 kwa kila dola anayolipa katika hoteli zao nyingi. Chumba kikiwa cha pointi 20,000, ina maana umeshalipa dola 2,000 za kulala, kama milioni tano za kwetu, ndipo upewe usiku mmoja. Wamarekani unaowaona kwenye video hawapiti huko. Wao benki huwamwagia makumi ya maelfu ya pointi kwa kufungua kadi ya mkopo na kuitumia kwa kiwango fulani miezi ya mwanzo, na kadi hizo hutolewa kwa wenye rekodi ya mikopo huko huko Marekani. Mlipaji ni benki, inayotegemea kwamba wateja wa kutosha watachelewesha deni na kutozwa riba. Kadi yako ya benki, au ile Visa ya mtandaoni inayotengenezwa ndani ya M-Pesa, italipia chumba vizuri tu, lakini zawadi ya namna hiyo haina. Isitoshe, katika njia yako hoteli za kampuni hizo ni za kutafuta kwa tochi. Arusha ipo Four Points by Sheraton, kwenye ile The Arusha Hotel ya siku nyingi. Kondoa na Singida usijisumbue.

Kuna watu wa Dodoma ambao pointi zinawahusu, nao ni wale wanaotumwa mikutanoni Nairobi au Johannesburg na mwajiri analipa chumba. Mara nyingi pointi huenda kwa aliyelala, si kwa aliyelipa, mradi namba ya uanachama imeandikwa na chumba hakikununuliwa kupitia wakala wa mtandaoni. Nimeona maofisa wakilala wiki nzima katika hoteli za aina hiyo bila hata kujisajili. Ni fedha inayoachwa mezani. Wajue tu kwamba pointi hufa usipozigusa: Marriott na Hyatt baada ya miezi 24, IHG kwa mwanachama wa kawaida baada ya miezi 12.

Vivyo hivyo kwa anayesafiri kwa ndege. Ethiopian humlaza abiria Addis Ababa kwa gharama ya shirika ikiwa anangoja ndege inayofuata kati ya saa 8 na 24 na hakukuwa na ndege ya mapema zaidi ya kumwunganisha. Turkish nao wana utaratibu wao wa kulaza abiria Istanbul. Masharti hutegemea tiketi na viza, kwa hiyo swali huulizwa kabla ya kununua, si ukiwa umesimama kaunta na mabegi. Wewe unapanda basi, tuendelee.

Na punguzo la Booking.com, lile wanaloliita Genius, lisikuchanganye. Ngazi ya kwanza ni asilimia 10, nalo unalipata kwa kufungua akaunti tu. Ni punguzo, si usiku wa bure, na kwa gesti zetu za 25,000 utakuta bei ya mtandaoni imeshapandishwa kufidia kamisheni. Tazama bei pale, kisha pigia gesti yenyewe. Mara nyingi utaambiwa bei ya chini zaidi.

Sasa tuje kwenye yanayokuhusu. Vyumba vya Dodoma vinaendeshwa na posho. Tangu serikali ilipoanza kuhamia huku kwa kishindo mwaka 2016, mji umejaa hoteli ambazo mgeni wake mkuu si mtalii. Ni mtu wa semina, wa warsha, wa kamati, aliyekuja na barua na siku zake za posho. Huyo huja Jumapili jioni au Jumatatu, na Ijumaa mchana ameshageuza kuelekea Dar. Tangu reli ya SGR ilipofika Dodoma mwaka 2024 ndiyo kabisa, maana zamani aliyeona basi ni mbali alibaki wikiendi, na siku hizi ndani ya saa nne hivi yuko kwake. Matokeo yake hoteli iliyokataa kupunguza hata elfu mbili siku ya Jumatano, Ijumaa usiku ina funguo zote ukutani.

Hapo ndipo usiku wa bure unapopatikana, na huuombi kwa jina hilo. Ukimwambia mtu wa mapokezi "nipunguzie", atakuambia bosi hajaruhusu, na ni kweli: bei imeandikwa, risiti ya EFD inatoka, yeye hana mamlaka. Omba kuongea na meneja, saa nane au saa tisa mchana, saa ambazo wa jana wameshatoka na wa leo hawajafika. Mwambie: "Tunataka Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Tunalipa mbili sasa hivi kwa mkupuo, ya tatu mtupe." Kwa meneja mwenye vyumba vitupu hiyo ni hesabu rahisi. Chumba kisicholaliwa usiku wa Jumapili hakimwingizii kitu, na mgeni aliyepo tayari hamgharimu zaidi ya maji na umeme kidogo. Kulipa mkupuo ndiko kunakomshawishi. Maneno matamu hayasaidii.

Wakati wa Bunge usijaribu. Bunge la bajeti linakaa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, na miezi hiyo hata gesti za Chang'ombe na Majengo zinajua bei yake. Vikao vifupi vya mwaka navyo huleta msongamano, na wiki ya Nanenane upande wa Nzuguni hali ni hiyo hiyo. Likizo yako inaangukia katikati ya bajeti, kwa hiyo Dodoma si mahali pako pa kuombea usiku wa bure mwaka huu. Arusha inawezekana, ingawa Juni ndiyo msimu wa watalii unaanza kuchangamka. Achana na hoteli zinazowategemea, nenda kwenye zile zinazoishi kwa mikutano na semina, ambazo wikiendi zinabaki pweke kama za kwetu.

Jambo moja dogo linalokula fedha za wengi: usipelekwe hotelini na bajaji au bodaboda uliyemwambia "nitafutie gesti nzuri". Ana kamisheni yake pale, na kamisheni hiyo haitoki mfukoni mwa mwenye gesti. Shuka stendi, mwambie akupeleke mahali penye jina, sokoni au kanisani, kisha tembea kwa miguu. Ukiingia peke yako ndipo unaweza kujadiliana.

Njia nyingine ambayo hoteli zenyewe hazitangazi ni chumba cha kiongozi. Kikundi kikichukua vyumba vingi kwa pamoja, hoteli hutoa kimoja bila malipo kwa aliyekileta. Idadi hutofautiana, na hutapewa usipouliza kabla ya kulipa malipo ya awali. Kwaya zinazozunguka, timu za mpira, wazazi wanaokwenda mahafali ya UDOM, kamati ya harusi inayolaza wageni: kila mara kuna mtu mmoja anayepiga simu zote hizo kwa hisani, na mwisho analipa chumba chake kama wengine. Mwalimu, ninyi ndio mnaopanga ziara za wanafunzi. Mkipeleka darasa Dodoma kuona Bunge, vitanda vya walimu viingizwe kwenye mazungumzo ya mwanzo. Madereva wa watalii wamelijua hili siku nyingi. Hoteli nyingi zinazopokea watalii zina vyumba vya madereva, kwa kuwa mwenye hoteli anajua dereva ndiye atakayerudi na wageni wengine.

Kubadilishana kazi na chumba nako kupo, na kwako kunakaa vizuri kuliko unavyodhani. Vijana wengi hujaribu kuwauzia hoteli "matangazo" kwenye kurasa zao zenye wafuasi wachache, na meneja hupokea maombi hayo mpaka amechoka. Wewe una kitu adimu zaidi: unajua kufundisha. Arusha imejaa hosteli za vijana wa kigeni wanaokuja kujitolea wiki kadhaa, na karibu wote wanataka Kiswahili cha kununulia ndizi sokoni na kusalimia wazee. Tafuta tatu au nne kwenye ramani ya Google, uwaandikie hivi: "Habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nitakuwa Arusha na mdogo wangu tarehe fulani hadi fulani. Naweza kuwafundisha wageni wenu Kiswahili kwa muda wa saa mbili kila jioni, siku mbili, bila wao kulipa. Kwa kubadilishana naomba chumba cha watu wawili kwa usiku huo. Nikiwafaa, nitatuma picha ya kitambulisho changu na namba ya mwalimu mkuu wangu." Taja kazi, saa na siku. Barua ya "naomba msaada wa malazi" haijibiwi. Mkikubaliana, yaandikwe hata kwenye WhatsApp, ili usije ukafika ukakuta meneja yuko likizo na aliyepo hana habari.

Mitandao ya kulazana bure kati ya wasafiri ipo pia. Couchsurfing ndiyo yenye jina, lakini tangu 2020 katika nchi nyingi inataka ulipie uanachama. BeWelcome haitozi kitu, na kwa waendesha baiskeli kuna Warmshowers. Wenyeji wao nchini wamekaa zaidi Dar, Arusha na Moshi. Kwa dada wawili ningesema wachagueni wenyeji wa kike au familia wenye maoni mengi ya wageni waliotangulia, na mwacheni mtu nyumbani akiwa na jina na namba ya mwenyeji. Binafsi lakini, kwa safari hii nisingeanzia huko.

Ningeanzia kwa walimu. Una mtandao wa malazi ambao hakuna kampuni ya hoteli inayoufikia, na huenda hujawahi kuufikiria hivyo. Uliosoma nao chuo wametawanyika: mmoja yuko Kondoa, mwingine Manyoni, mwingine Iramba. Wengi wanakaa nyumba za walimu kando ya shule, na likizo ya Juni baadhi wanaondoka kwenda kwao wakiacha nyumba na kuku bila mwangalizi. Tuma ujumbe kwenye kundi lenu la WhatsApp wiki tatu kabla, utaje kijiji (mfano Kolo, penye ile michoro) na tarehe: "Kuna mwenzetu yuko karibu na Kolo? Tunapita mimi na mdogo wangu, usiku mbili." Mwenye nyumba akiwepo mtapata kitanda na mazungumzo, asipokuwepo mtapata ufunguo na kuku wa kulisha.

Hapo adabu ndiyo malipo. Nenda na sukari kilo mbili, majani ya chai, sabuni, na kitu cha watoto. Ingia jikoni bila kuambiwa. Ukifika kijijini, mwenyeji wako akupitishe kwa mjumbe, ajue kuna wageni ni nani na wataondoka lini; hilo linakulinda wewe kuliko yeye. Na waswahili hawakukosea waliposema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: nyumba ya mshahara mmoja haibebi midomo miwili ya ziada zaidi ya hapo. Ukitaka siku ya tatu, nunua unga.

Kwa wanaosafiri na hema, vijijini hali ni nyepesi. Pita ofisi ya kijiji kabla jua halijazama, mwone mtendaji, jitambulishe, omba sehemu karibu na ofisi, shule au parokia. Sijaona mtendaji aliyemnyima mtu mwenye kitambulisho mahali pa kusimika hema. Usijifiche porini, asubuhi maelezo yatakuwa marefu. Na Juni na Julai kanda yetu ina baridi na upepo ambao watu wa Pwani hawauamini mpaka usiku wa kwanza, kwa hiyo blanketi ni lazima.

Watakushauri pia upande mabasi ya usiku ili basi liwe kitanda. Yameruhusiwa tena tangu Oktoba 2023, na ushauri ni mzuri kwa njia ndefu kama Dodoma hadi Mwanza, ambayo inakaribia kilomita 700: unapanda jioni, unashuka asubuhi. Kwa Arusha hadi Dodoma ni mtego. Njia haijafika kilomita 450, kwa hiyo ukiondoka saa mbili usiku unashushwa stendi ya Nanenane, Dodoma, kama saa nane au tisa za usiku. Hapo ama unalipa chumba kwa muda wa saa saba hivi, kwa kuwa wakati wa kutoka ni saa nne asubuhi hata uwe umeingia alfajiri, ama unabaki kwenye kiti. Makondakta wengi huwaacha abiria walale ndani ya basi mpaka kukuche. Uliza kabla ya kukata tiketi, na begi lako ulilalie.

Kinachookoa zaidi ya yote hayo ni kufuta usiku usiouhitaji, na ratiba yako ina wa kufutwa. Usiku wa kwanza Dodoma ni wa nini? Ondokeni Mpwapwa na gari la kwanza la alfajiri, mtafika Dodoma asubuhi, na mabasi ya Kondoa na Babati yapo. Lami inafika hadi huko, na Kondoa iko kama kilomita 160 tu. Jioni mko kwa mwalimu mwenzenu. Kesho yake ndiyo ya Kolo, kwa mwongozaji wa pale ofisini. Michoro hiyo iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2006, na maeneo yametawanyika mlimani, kwa hiyo vaeni viatu vya kupandia na mpange siku nzima. Usiku wa Babati nao unafutika, kwa sababu kutoka Kondoa hadi Arusha kupitia Babati ni safari ya siku moja. Ila kama mdogo wako anataka kuona viboko wa Ziwa Babati, ulipieni huo usiku bila kinyongo. Safari si adhabu.

Hesabu basi inakuwa hivi. Usiku mbili Kondoa, zawadi za 15,000. Babati, mkilala, 25,000. Arusha mpange Ijumaa hadi Jumatatu, tatu kwa bei ya mbili, 50,000. Hosteli ikikubali darasa lako, mnalipa usiku mmoja tu. Singida 25,000, na jioni nendeni Ziwa Singidani, halitozi kitu. Usiku wa mwisho Dodoma unafutika mkiondoka Singida alfajiri, maana saa sita au saa saba mchana mko Dodoma na magari ya Mpwapwa bado yapo. Jumla 115,000 badala ya 225,000, na hakuna mahali mmedanganya wala kujidhalilisha.

Mawili ya kuogopa. Ujumbe wa WhatsApp unaosema hoteli fulani kubwa inatoa usiku tatu bure kwa kuadhimisha miaka kadhaa, "bofya na utume kwa makundi matano", ni wizi wa taarifa. Na ile "kazi ya kuzipa hoteli nyota kwa simu" ambayo siku mbili za kwanza inakulipa elfu kadhaa, kisha inakutaka uweke fedha zako ili ufungue ngazi ya juu, imekwishameza mishahara ya watu ninaowafahamu, walimu wakiwamo. Ukijiuliza nani analipa katika hiyo, utaona ni wewe.

Halafu ile Dodoma ya mwisho. Basi la Singida likiharibika njiani mtaingia mjini usiku, Bunge likiwa linaendelea, na kutafuta gesti saa nne usiku na mabegi ni kukubali bei ya dereva wa bajaji. Piga simu wiki hii kwenye hosteli moja ya kanisa pale mjini, Anglikana, Katoliki au KKKT, uulize kama wanaweza kukushikia chumba siku hiyo bila malipo ya awali, hata mkichelewa kuingia. Baadhi hukubali wakisikia ni mwalimu. Mkiona mchana kwamba mtawahi gari la Mpwapwa, wapigie mkiachie, wapo wengi wanaokihitaji.